Mti wa Rodi na Kishindo cha Makopo

Sisi watu wa Pwani, mpenzi msomaji, tukitaja pambo huwa twajua tunenalo. Tumelelewa penye vikuba vya asumini, na mkadi, na mrehani uliotiwa baina ya nguo sandukuni. Milango yetu tunaichonga, maharusi wetu tunawapaka hina, na Maulidi yakiwadia hata ua wa msikiti huvishwa taa na bendera. Basi mtu wa kwetu akiona pambo baya, ulimi humuwasha. Wangu uliniwasha Disemba iliyopita, tena ugenini, nami kwa ujinga wangu nikauachia. Haya niyaandikayo leo ni kafara ya ulimi huo.

Nalikuwa nimekwenda Kendu Bay, kando ya ziwa ambalo wenyewe Wajaluo huliita Nam Lolwe, kumzuru rafiki yangu wa siku nyingi. Huyu ni Mjaluo Mwislamu, maalimu wa chuo cha Kurani, na wala msishangae. Kendu Bay ni mji wenye msikiti wa kale na Waislamu wa vizazi vingi. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, asili yake ni Kanyadhiang, papo hapo karibu. Maalimu alikuwa na kanzu tatu za wanafunzi zilizokuwa zikishonwa Rodi Kopany, nami nikamwambia, "Twende sote, nikaione nchi."

Rodi Kopany ni mji wa njia panda. Ukitoka Homa Bay mjini ukielekea Rongo utaupitia, na hapo ndipo barabara ya Ndhiwa inapochepuka. Ni mahali pa vumbi, pikipiki, mahindi ya kuchoma na kelele za utingo wa matatu. Siku ile ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, na maduka yalikwisha kuvishwa karatasi za kumetameta na mapulizo ya rangi rangi. Redio ziliimba mpaka masikio yakachoka.

Kibaraza cha fundi wetu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, kilikuwa na mti. Ulikuwa tawi la saipresi, urefu wa mtu mzima, limesimamishwa katika debe la mchanga. Mti huo ulikuwa umetundikwa makopo. Yalikuwa makopo meupe ya plastiki, madogo, yale ya kutilia vidonge, yamebanduliwa karatasi zake, na kila moja limefungwa kiunoni kwa kitambaa cha masalio ya cherehani. Palikuwa na vizibo vya soda vilivyotungwa kama shanga, na vielea vya nyavu za wavuvi, na juu ya matawi pamba iliyotawanywa mfano wa theluji. Upepo wa ziwani ulipovuma, yale makopo yalilia, kwani ndani yake mlitiwa punje za mahindi.

Nilicheka. Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Fundi, nchi hii ina maua yote haya, hata mkaona mpambe mti kwa takataka?"

Maalimu alinishika kiwiko. Mama Fundi aliinua macho, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza mshono. Ndipo aliponijibu, kwa Kiswahili chepesi kisichokuwa na hasira, "Mzee, kopo moja lina vidonge thelathini. Kila kopo tupu unaloliona hapo ni mwezi mmoja mtu ameishi."

Wasomaji mtanisamehe, nilikaa chini bila ya kukaribishwa.

Siri iliyokuwa ikilia mkobani

Mama yule hakuwa akificha. Alinieleza kuwa yeye na wanawake wenzake wa kikundi cha mkopo huenda kliniki pamoja kuchukua dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi. Zamani, alisema, adui wa kwanza alikuwa kelele za kopo, kabla ya maradhi yenyewe. Ukipanda matatu kutoka hospitali na kopo lako mkobani, kila shimo la barabara linalitikisa, na kila abiria anajua umetoka wapi. Kwa hivyo wengine walimwaga vidonge katika mfuko wa nailoni, wakalitupa kopo shimoni. Wengine waliyaviringisha makopo kwa magazeti. Yeye alinunua pamba, akaishindilia ndani ili vidonge visitikisike.

"Pamba yenyewe ni ile," akaniambia, akinyosha kidole kwenye matawi. "Mwaka huu nimeitoa. Nikatia mahindi, makopo yalie vizuri."

Si kila mtu pale Rodi aliyefurahi. Kwa muda tuliokuwa tumekaa kibarazani nilisikia mengi. Vijana wa bodaboda waliuita mti wa duka la dawa, wakapigana vikumbo kwa kicheko. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye koti licha ya joto, alisimama akatikisa kichwa. Yeye aliona kuzaliwa kwa Bwana wake kunastahili vitu vipya na safi, si masalio ya ugonjwa. Mwanamke mmoja alipita upande wa pili wa barabara akiharakisha, na Mama Fundi akasema kwa sauti ya chini kuwa huyo naye ni mwenzao, naye anachelea mtu asije akamhesabia kopo lake mtini. Kisha akaja mchuuzi wa samaki, akautazama mti kwa kitambo, akatia mkono kikapuni, akatoa kopo moja, akalifunga mwenyewe kwenye tawi la chini. Hakusema neno. Akajitwika kikapu chake akaenda zake.

Ili msomaji wa kwetu ajue uzito wa kitendo kile, yafaa tukumbuke nchi ile imetoka wapi. Ukimwi uligunduliwa Kenya mnamo 1984, na haikuwa mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Baina ya miaka hiyo miwili, pande za ziwani zilizika watu mpaka jembe likawa butu. Mnamo 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa hizi bure katika hospitali ya Homa Bay, wakati ambapo sehemu nyingi za Afrika dawa zenyewe zilikuwa bado ni za wenye fedha. Uchunguzi walioufanya Ndhiwa mwaka wa 2012 uliona kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana virusi. Hesabu ya serikali ya mwaka wa 2018 iliipa kaunti ya Homa Bay asilimia 19.6, hali Kenya nzima ilikuwa asilimia 4.9.

Lakini hesabu hizo zina upande wa pili ambao watu huusahau. Mtu huhesabiwa kuwa na virusi kwa sababu yu hai. Kabla ya dawa, wengi wao wasingalikuwamo katika hesabu yoyote ila ya makaburi. Leo mwenye kumeza dawa yake kila siku bila kuruka, virusi vikadhibitiwa mpaka kipimo kisivione, haambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa, na mama aliyetibiwa vyema hutarajiwa kuzaa mtoto aliye salama. Mwenye kuruka siku, virusi hujifunza kuishinda dawa. Hivyo kopo lililokwisha kwa wakati wake ni ushahidi kwamba mtu amefanya kazi yake.

Kijana wa mlango wa nyuma

Nikamuuliza Mama Fundi kilichomsukuma, kwani kuwa na ujasiri ni jambo moja, na kuutundika ujasiri huo njia panda ni jambo jingine.

Alikata uzi kwa meno, akanyamaza kidogo. Kisha akasema ana mwana, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, naye alizaliwa na virusi kabla mama mwenyewe hajajua hali yake. Mwaka ule kijana alikonda, akakohoa, akarudishwa nyumbani. Ikaonekana kuwa aliacha dawa tangu muhula wa kwanza. Kopo lilikuwa likilia ndani ya sanduku lake la bati kila alipolifungua, na wenzake wakaanza kuuliza.

"Nikasema nitamwonyesha kuwa si kitu cha kuficha," alisema. "Nimepamba mti huu kwa ajili yake. Na yeye ndiye aliyekasirika kuliko watu wote wa Rodi. Tangu nimeuweka hapiti kibarazani. Anaingia kwa mlango wa nyuma."

"Kopo lake limo?" nikauliza.

"Halimo. Siwezi kumtundikia. Hilo atalitundika mwenyewe, au asilitundike."

Kanzu zilikuwa tayari. Tulilipa, tukaondoka. Ndani ya matatu Maalimu hakuninenea jambo mpaka tulipolipita soko la Homa Bay. Ndipo aliponiuliza polepole, "Wewe uliyesoma, unasemaje kuhusu sitara?"

Miti ya wakubwa

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nje, mbali juu ya maji, taa za wavuvi wa omena zilikuwa zimetanda kama mji mwingine, nami nikawa nafikiri juu ya mambo ya mti na pambo.

Mti wenyewe wa Krismasi, mkiuchunguza, haukuanza na utajiri. Ulianza katika nchi za Wajerumani. Habari za Strasbourg za mwaka wa 1605 zinaeleza miti iliyowekwa majumbani na kutundikwa mawaridi ya karatasi, matufaha na vitamu. Kwa maneno mengine, watu walitundika walichokuwa nacho jikoni na mikononi. Waingereza wengi waliupenda baada ya mwaka wa 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe wakiuzunguka mti wao. Taa za umeme zilitiwa mara ya kwanza mjini New York mwaka wa 1882 na Edward Johnson, mshirika wa Edison. Toka hapo mashindano yakaanza.

Na mashindano yana mwisho wake. Ndugu zetu walioko Ghuba watakumbuka kuwa mnamo Disemba 2010 hoteli moja ya fahari mjini Abu Dhabi ilisimamisha mti uliovishwa vito vya thamani ya dola milioni 11. Watu walisema sana, Waislamu kwa Wakristo, hata wenye hoteli wakatoa kauli ya kujutia kupita kiasi. Roma nayo, mwaka wa 2017, ilipata mti ulioletwa kutoka milima ya kaskazini, ukapukutika na kufa kabla ya sikukuu kufika. Warumi waliubandika jina la dhihaka, Spelacchio, yaani mnyonyokaji. Wakaucheka, kisha wakauonea huruma, wakawa wanauachia barua kana kwamba ni mgonjwa wao. London, mwaka wa 2016, jumba la sanaa la Tate Britain lilining'iniza mti kichwa chini miguu juu, mizizi imepakwa dhahabu, kazi ya bibi Shirazeh Houshiary, mzaliwa wa Shiraz. Wako waliosifu na wako waliotukana.

Mimi nilipokuwa nikizisoma habari hizo miaka iliyopita niliona fahari ya kuhukumu: huu mzuri, ule upuuzi. Lakini mti wa Rodi haukuomba hukumu ya uzuri. Ulikuwa ukiuliza kitu kingine, na swali lile la Maalimu juu ya sitara ndilo lililonikesha.

Sisi tumefundishwa tangu chuoni kuwa mwenye kumsitiri mwenziwe, Mwenyezi Mungu humsitiri yeye. Mafunzo hayo ni ya haki, wala sitayapunguza hata chembe. Siri ya mgonjwa ni amana. Yule mwanamke aliyevuka barabara ana haki yake, na yule kijana wa mlango wa nyuma ana haki yake, na mama mtu alikuwa na hekima alipokataa kumtundikia kopo. Lakini sitara ni nguo, na nguo humfunika mtu aliye hai apate kutembea mbele za watu. Tukiifanya sitara kuwa sanda, tumeigeuza kazi yake.

Nasema hivi kwa kuwa limetupata nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana wa upande wa mke wangu. Tulisema ni homa ya matumbo, na majirani wakakubali kuwa ni homa ya matumbo, na kila aliyesema alijua kuwa mwenziwe anajua. Baada ya arubaini, mamake alipokuwa akitoa nguo zake sadaka, aliyakuta makopo chini ya godoro, yamefungwa kwa kitambaa cha kanga, manne, yamejaa hata hayakuguswa. Kijana alikuwa akiyachukua kliniki na kuyaleta nyumbani, lakini hakuwa na mahali pa kuyamezea. Nyumba yetu ina watu wengi, na kila mtu ana macho. Tulimsitiri mpaka akafa. Na siku ile hatukulia kwa sauti, tusije tukaulizwa tunalilia nini.

Makopo ya Rodi yalikuwa matupu. Yetu yalikuwa yamejaa. Nikajiuliza ni yapi ya aibu.

Mtende wa Bibi Maryamu

Asubuhi nilimwambia Maalimu nataka kurudi Rodi. Hakuuliza sababu, akavaa kofia yake.

Nilimkuta Mama Fundi akifagia kibaraza. Nikamwomba radhi kwa neno la takataka. Alicheka, akasema kuwa baba mkwe wake alisema baya zaidi. Akatuletea chai ya maziwa, tukaketi. Nikamwambia kuwa sisi Krismasi hatuisherehekei wala mti hatuuwekei ibada, kila mtu ana dini yake na mpaka wake, lakini katika Kitabu chetu pia kuzaliwa kwa Nabii Isa kuna mti. Akaacha ufagio, akataka kusikia.

Nikamsimulia kwa ufupi yaliyomo katika Suratu Maryamu. Bibi Maryamu uchungu ulimsukuma mpaka kwenye shina la mtende, yu peke yake, naye akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile akawa amesahauliwa kabisa. Aliogopa uchungu, na aliogopa ndimi za watu waliokuwa wakimngoja mjini. Akaambiwa asihuzunike. Akaambiwa alitikise lile shina, nazo tende mbivu zitamwangukia, ale, anywe, jicho lake litulie. Baadaye alipowarudia watu wake nao wakaanza kumnyoshea vidole, yeye hakujitetea. Mtoto wake ndiye aliyenena kwa ajili yake, angali kitandani.

Mama Fundi alitazama chini kitambo kirefu. Kisha akasema, "Kwenu mtoto alimsemea mama. Hapa mama anajaribu kumsemea mtoto."

Maalimu akaongeza neno lake kwa Kijaluo, ambalo hakunifasiria, na yule mama akafuta miwani.

Kabla ya kuondoka, Maalimu alinisaliti kwa kumwambia kuwa mimi ni mtunzi wa mashairi. Basi sikuachiwa. Mama Fundi alitaka beti moja aitundike mtini pamoja na makopo. Hapo nilisita, nami sioni haya kukueleza, msomaji. Nikamwambia ya kwamba mtini sitatia mkono, huo ni mti wa sikukuu yake. Lakini ukutani, juu ya cherehani, mahali anapofanyia kazi mwaka mzima, hapo nitaandika kwa moyo mmoja. Alinielewa upesi kuliko ambavyo wengine wa kwetu watanielewa. Akanipa kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nami nikaandika:

*Kopo tupu si aibu, ni siku zilizopita,*
*Ni hesabu ya taabu, kwa mwenye kushinda vita,*
*Aliyeonja adhabu, hachekwi akijipata,*
*Sitara njema ni dawa, kumezwa pasi kusita.*

Aliibandika kwa pini nne. Wakati anabandika, pazia la chumba cha nyuma lilisogea. Nilimwona kijana mrefu, mwembamba, ana fulana ya shule, amesimama gizani akisoma ukutani. Alisoma mpaka mwisho. Macho yetu yakakutana, nikamtolea salamu kwa kichwa. Hakuijibu. Pazia likarudi mahali pake.

Sijui kama kopo lake limekwisha kufika mtini, na mti wenyewe bila shaka ulikwisha kauka ukawa kuni. Sina haja ya kujua la mti. Ninalolitaka kwake ni lile kopo liwe linapungua, kidonge kimoja kila usiku, awe anapita mlango wa mbele au wa nyuma.

Nilipofika nyumbani Mombasa nilimwita mke wangu, tukahamisha kabati dogo kutoka chumbani kwetu, tukaliweka ukumbini, penye birika la maji ya kunywa. Tukatia humo dawa zake za presha na zangu za sukari, kila mtu azione. Tukawaambia wanetu na wajukuu kuwa kabati hilo ni la kila mtu, na mwenye dawa yoyote ataitia humo, na maji ya kumezea yako papo hapo, na hakuna atakayeulizwa. Rafu ya chini tumeiacha wazi.